Koki Aliyoifungua Baba

Kama umewahi kupita kando ya ziwa hapa Toronto, pale penye kiwanda cha sukari karibu na katikati ya jiji, unaijua harufu ninayoisema. Wenzangu wa kazini huziba pua. Mimi wiki iliyopita nilisimama nikaivuta kama mtu aliyekosa chai siku nzima, mpaka nikaachwa na treni ya kurudi nyumbani, Weston. Ile ni harufu ya molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa, ndugu yangu, na ndiyo iliyonilea.

Nilikulia kwenye kota za kiwanda cha sukari, bondeni, kwetu Tanzania. Tuliishi watatu: baba, bibi aliyemzaa baba, na mimi. King'ora cha zamu kilituamsha, muungurumo wa mitambo ukatulaza. Msimu wa mavuno mashamba yalichomwa moto kabla miwa haijakatwa, na masizi yaliruka hadi kwenye kamba zetu za nguo. Bibi hakuloweka shuka kabla ya kutoka nje kutazama moshi unaelekea wapi. Akikosea, nilikwenda shule na sare yenye madoadoa, na mwalimu hakuuliza kitu, maana hata shati lake lilikuwa na yake. Tulitafuna miwa mpaka pembe za midomo zikachubuka. Nani alituzidi raha?

Siku moja, nikiwa na miaka tisa, habari ilienea kwamba samaki wanaelea mtoni. Watoto wote tulishuka na mabeseni. Perege, kambale wakubwa, na vidagaa ambavyo hata majina hatukuyajua, wote matumbo juu, tukawaokota kama maembe yaliyoangushwa na upepo. Maji yalikuwa meusi kama chai iliyochemka mno, na yalinuka utamu uliooza. Sisi tulimshukuru Mungu. Bibi alikwishatia mafuta kwenye kikaango baba alipotoka zamu. Alitazama beseni langu, akaepua kikaango, akachimba shimo nyuma ya choo na kuwafukia samaki wote. Nililia sana. Nilimwona ndiye baba katili kuliko wote kwenye kota zile.

Ndipo akamweleza bibi. Walikuwa wanasafisha tangi la molasi, lori la kubeba mabaki halikuja, na msimamizi wa zamu akaamuru yaachiwe mtoni. Aliyefungua koki ni baba. Wenzake walikubaliana kunyamaza. Maji yakimwagika hayazoleki, walimwambia. Akifungua mdomo, kazi itakwenda, na nyumba itaifuata kazi. Bibi alifuta mafuta mikononi.

"Hayazoleki, kweli," alisema. "Lakini mwanangu, kuna wanaoyanywa huko chini, na hawajui."

Baba hakula. Alinipakia kwenye keria ya baiskeli, akanipa debe tupu na mwiko wa bibi, akaniambia nipige nisiache. Tukaufuata mto, kijiji baada ya kijiji. Watu walitoka wakidhani kuna msiba, akina mama na ndoo zao mikononi. Kila mahali alisema yale yale: msinywe, msile samaki, msinyweshe ng'ombe mpaka mto usafike. Wakimuuliza amejuaje, hakuzunguka.

"Ni mimi niliyefungua koki."

Kijiji cha kwanza walimtukana. Cha pili mzee mmoja alimtemea mate miguuni, na mimi nikaacha kupiga debe kwa aibu. Baba akageuka akaniambia niendelee. Cha tatu mwanamke aliyekuwa na mtoto mchanga mgongoni alimwaga ndoo yake yote chini, kisha akampa baba mkono. Tuliporudi nyumbani vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi.

Barua ya kumwachisha kazi haikuchelewa. Tulitolewa kwenye kota na godoro, masufuria na kile kikaango, bila pa kwenda. Na hapa ndipo ninaposhukuru mpaka leo. Watu wa kile kijiji cha pili, yule mzee wa mate akiwa mbele yao, walikuja na fito, nyasi na udongo, wakatujengea nyumba ya vyumba viwili. Hakuna aliyetoa hotuba. Bibi aliwapikia uji huku machozi yakimtoka. Miaka baadaye kiwanda kilichimba mabwawa ya kutuliza maji machafu kabla hayajafika mtoni, na wakubwa wapya wakamwita baba ayasimamie. Alikwenda, akinung'unikia mbu mpaka alipostaafu.

Sasa kota zimebomolewa, bibi hayupo, na baba alizikwa mimi nikiwa huku nazoa theluji, sina karatasi za kusafiria. Nasikia siku hizi miwa inavunwa bila kuchomwa na nguo zinabaki nyeupe. Ni jambo jema, na bado masizi yale nayakosa. Moyo hauna adabu.

Juzi binti yangu, naye ana miaka tisa, aliambiwa shuleni aandike babu yake alifanya kazi gani. Alitaka neno moja tu. Nikamsimulia haya yote kwa Kiswahili, naye, kama kawaida yake, akaniuliza kwa Kiingereza lile debe lilikuwa linalia vipi. Nikachukua sufuria na mwiko, nikapiga kama nilivyopiga siku ile. Sikujua kama nalia mpaka aliponishika mkono. Chini yetu, jirani akagonga dari kwa ufagio.

Nikaweka mwiko chini. Kisha binti yangu akaniegemea, akasema polepole, na safari hii kwa Kiswahili:

"Mama, wa chini wamesikia."