Kisu Nilichokwenda Nacho Mpirani

Ipo siku moja ambayo mpaka leo haijanitoka, mwanangu, na umeiamsha wewe ulipokuja juzi kuniuliza ununue kisu gani cha kwenda nacho milimani na wenzako. Uliniona nimenyamaza ukadhani sijakusikia. Nilikusikia. Ila nilikuwa nimekwenda mbali, nimerudi Gungu ya ujana wangu, naisikiliza nyundo ya Mzee Ntiruka.

Mzee Ntiruka alikuwa mhunzi. Alifua majembe, mapanga na visu kwa vyuma vya springi za magari mabovu, na mwanawe Lazaro alikuwa rafiki yangu kuliko hata ndugu niliozaliwa nao. Mimi mtoto wa Kiislamu wa Ujiji, yeye Mkristo. Idi alikuwa kwetu, Krismasi nilikuwa kwao, wala hakuna aliyetuuliza. Asubuhi nilimpitia twende shambani kukata mikungu ya chikichi, nikawa namngoja amalize kumsaidia baba yake. Mzee aligonga kwa nyundo ndogo kumwonyesha mahali pa kupiga, Lazaro akaishusha ile kubwa palepale. Ndogo, kubwa. Ndogo, kubwa. Sijapata kusikia tena watu wawili wakielewana namna ile bila kusema neno.

Siku moja mzee akaniambia nichague kisu, anifulie cha kwangu. Nikaonyesha kirefu kilichotundikwa ukutani, chenye ncha ya kutisha. Akatikisa kichwa. Akanifulia kifupi, bapa lake halizidi kiganja, mgongo mnene, chuma chake kimepita ndani ya mpini mpaka mwisho ili kisichomoke mkononi. Akakishonea ala ya ngozi ya ng'ombe. Aliponikabidhi alisema, "Ukikitoa, ujue unakata nini. Ukimaliza, kirudi ndani kabla hujainuka."

Nikaitikia, kama vijana mnavyoitikia.

Shambani kisu kile kilinifaa sana. Nilikatia kamba, nilimenyea mihogo ya kuchoma, nilichongea vigingi. Kosa lilikuja Jumapili moja mchana, timu ya mjini ilipocheza na timu iliyotoka Kasulu, uwanjani Katubuka. Nilikuwa nimevaa shati jipya jeupe. Nikakichukua kisu. Usiniulize nilikuwa nakipeleka wapi, maana hakuna aliyenitishia wala hakukuwa na cha kukata. Nilitaka tu kujihisi mwanamume. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, nikawa najiambia, kana kwamba mpirani kuna nyama. Na kwa kuwa ala ilivimbisha shati, niliivua nikaiacha nyumbani. Kisu nikakiviringisha leso, nikakichomeka kiunoni.

Mpira ulikuwa karibu kwisha. Kijana wetu mmoja, mfupi, akampita beki wao wa mwisho akafunga. Uwanja ukainuka. Nami nikainua mikono, shati likapanda, leso ikadondoka, na Lazaro, aliyesimama kando yangu, akanirukia kwa furaha akanikumbatia kiunoni kwa mikono yake yote miwili.

Hakupiga kelele. Aliachia, akautazama mkono wake wa kulia, akanitazama mimi. Damu ilikuwa imeshalowesha shati langu. Watu wa karibu waliona damu na kisu, wakarudi nyuma, na mmoja akasema nimemchoma mwenzangu. Lazaro alipelekwa hospitali, mimi nikapelekwa kituoni.

Askari aliyeniandikisha alikuwa mtu mzima, mpole. Hakunipiga, hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu, "Kisu hiki kilikuja kufanya kazi gani mpirani?" Angenikuta na kisu kilekile njia ya shambani, kamba begani, tungesalimiana tukapishana. Siku ile nililala mahabusu.

Kesho yake Lazaro alikuja mwenyewe, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, akaeleza kwamba hapakuwa na ugomvi, kwamba ni yeye aliyenikumbatia. Baba yake alisimama nyuma yake. Nikaachiwa kwa onyo, kisu kikabaki kituoni.

Nje nilimwamkia mzee shikamoo. Marahaba yake ilichelewa. Kisha akasema, taratibu, bila kunitazama:

"Sikulaani, Saidi, wala sitakulaani. Kisu kile nilikifua kiisaidie mikono yako. Wewe umekipeleka mahali pasipo na kazi, nacho kimejitafutia kazi."

Hayo tu. Mpaka anakufa hakuyarudia tena.

Vidole vitatu vya Lazaro havikukunjika tena. Alijaribu nyundo kwa mkono wa kushoto, ikawa haiangukii pale anapoonyeshwa. Nilikuwepo asubuhi ile. Mzee aligonga kwa ile ndogo, kubwa ikakosea. Akagonga tena, ikakosea. Akaweka nyundo yake chini akasema leo joto kali. Haukupita mwaka Lazaro akaenda Uvinza kutafuta kibarua kwenye kiwanda cha chumvi. Mzee akabaki peke yake, na baadaye karakana ikanyamaza.

Uvinza si mbali, mwanangu. Treni inapita hapo. Lakini nilikuwa na aibu, nikawa nasema nitakwenda Idi hii, nitakwenda Idi ijayo, nikaoa, nikazaa, nikaota mvi. Maji yakimwagika hayazoleki, hilo nalijua. Ila nilikuwa na uwezo wa kwenda kukaa na mwenzangu kando ya maji yaliyomwagika, na sikwenda.

Nilipokwenda, nilimkuta mkewe. Lazaro walikuwa wamemzika mwezi uliotangulia.

Nilipotaja jina langu mama yule alinitazama sana, akasema, "Kumbe wewe ndiye Saidi wa goli." Akanieleza kwamba mumewe aliwasimulia watoto lile goli mara nyingi, mfungaji alivyokuwa mfupi, beki alivyoanguka, na rafiki yake wa Ujiji alivyopaza sauti. Walipomuuliza habari za vidole, aliwaambia aliumia kwa baba yake, kazini. Akanipikia, nikala.

Ndiyo maana nikipita Gungu, pale ilipokuwa karakana ya mzee, sasa duka la vipuri vya bodaboda, husimama kidogo. Vijana hudhani nangoja usafiri.

Basi nisikilize. Sikukatazi kisu, anayekwenda porini bila kisu atakata kamba kwa meno. Nunua kifupi, kinachokaa vizuri mkononi mwako na si mkononi mwa muuzaji, chenye mpini usioteleza ukilowa. Vile vinavyofumuka kwa kubonyeza kitufe, waachie wenye kutaka kutazamwa. Kisiwe bila ala hata siku moja. Njiani kiweke ndani ya begi, chini ya nguo, si kiunoni, na kwenye basi au boti usikitoe kukatia hata muwa. Sheria haina ugomvi na mtu wa kazi, ina ugomvi na anayetembea na silaha mbele za watu bila sababu ya halali. Kwa hiyo askari akikusimamisha, mwambie mwenyewe kabla hajapekua: ninacho, kiko hapa, natoka huku nakwenda kule. Ukifika lango la hifadhi, uliza kwanza kama kinaruhusiwa; wakisema kiache, kiache. Ukiwa na shaka nenda kituoni ukaulize kabla ya safari, kuuliza si ujinga. Na ukirudi, kiache nyumbani. Harusini, baa, sokoni, mpirani, hakina kazi huko. Ukijikuta unakitaka ili ujihisi mkubwa, siku hiyo ndiyo usikiguse.

Na kama yuko mtu uliyemkosea, mwanangu, usingoje sikukuu. Panda treni kesho.

Mwenyezi Mungu akutangulie huko milimani, akulindie mikono yako na ya wenzako, akurudishe ukiwa mzima kwa mama yako. Nenda na baraka zangu zote.