Mtaa Ulioipa Barabara Kisogo

Wiki nzima nililala vibaya kwa sababu ya ukuta wa nyuma wa nyumba ya mama yangu. Je, ukuta huo ukitobolewa, mtaa wetu utabaki kuwa mtaa wetu? Na usipotobolewa, mimi ni mtoto wa namna gani?

Mtaa wetu hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, una nyumba kumi na moja za udongo, na zote zimeipa barabara kisogo. Wazazi wetu walipofika kutoka Kivu ya Kusini na Burundi, waliambiwa barabara itapita upande wa bondeni. Wakaelekeza milango huko. Barabara ikaja ikapita upande wa mlimani. Hakuna aliyegeuza nyumba. Bondeni pakawa ua mmoja wa wote: ukikosa chumvi, unanyoosha mkono tu, ukikosana na mumeo, unapata washauri kumi kabla ugali haujaiva.

Mimi nilisoma Mbarara. Huko niliona duka la zamani lenye baraza ya mbao likibomolewa ili yawekwe majengo ya vioo, nikaumia kana kwamba lilikuwa la babu yangu. Niliporudi na shahada yangu, bila kazi, niliitisha mkutano uani. Nilisema ua huu ndio historia yetu. Mmoja akifungua mlango barabarani wengine watafuata, na mwishowe tutasalimiana kwa simu. Wote waliapa kutotoboa mlango ukutani. Mama alipiga makofi kuliko wote.

Kisha mama akaanza kuuza mandazi.

"Papa," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita mimi mwanawe, "bantu banapita kule barabarani, habajue kama niko huku. Banaona ukuta tu, banazani ni choo."

"Lakini mama, tuliapa."

"Wakati ule nilikuwa sijaanza mandazi."

Kila jioni tulikula yaliyobaki. Siku ya nne hata kuku wa jirani walianza kutukwepa.

Nilifikiri, nikachora ramani ya mtaa, nikafikiri tena. Mwishowe nilipachika kibao kwenye ukuta wa barabarani: MANDAZI YAKO MBELE, PITIA NYUMA. Nikaongeza na mshale. Mteja wa kwanza alikuwa mchunga ng'ombe kutoka Endiinzi. Alisimama akikitazama kibao kama mtu anayesoma hati ya shamba. Akafuata mshale, akazunguka, akazunguka tena, akaingia kwenye bafu la majani la mwenyekiti wetu wa mtaa, mzee wa Kirundi, ambaye wakati huo alikuwa na sabuni hadi machoni.

"Mandazi?" mchungaji aliuliza kwa adabu.

Ukelele wa mzee uliwatoa watu wote uani. Akatoka na taulo kiunoni, povu masikioni.

"Bwana Diplome! Hii ndiyo historia unayolinda? Makalio yangu?"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Mama hakucheka. Alimpa mchungaji mandazi mawili bure, akaifunika sahani iliyojaa, akaingia ndani. Hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli.

Mzee alipokwisha kuvaa, nilimfuata. "Samahani, mzee. Hivi dirisha ni mlango?"

"Mlango ni pale mtu anapita. Wewe utapita dirishani?"

"Inategemea ukubwa. Na mtoto mdogo je? Na mwizi mwembamba?"

"Weee! Pima sahani ya mama yako. Sahani ipite, kichwa chako kisipite. Mlango wenu ubaki huku kwetu. Mimi nimeruhusu, nenda!"

Nilipima sahani. Nilipima na kichwa changu, kwa kamba. Sahani ilikuwa pana kuliko kichwa. Kwa hiyo panapopita sahani, kichwa nacho kinapita. Nilikaa nusu saa na tatizo hilo, kamba ingali shingoni, hadi mama aliponiambia kwamba sahani inapita ikiwa imelala, na kichwa changu hakijalala tangu Jumatatu.

Basi nikachora kwa mkaa tundu pana na fupi, kimo cha mandazi mawili. Nikashika jembe, nikafumba macho, nikapiga. Udongo ulianguka, mwanga wa barabara ukaingia sebuleni kwa mara ya kwanza, na kabla vumbi halijatulia mama alikuwa ameshapitisha sahani.