Konokono Juu ya Cherehani

Pale Beni, mashariki mwa Kongo, wateja wa Hadidja walimwita Mama Kweli, wengine kwa heshima, wengine kwa uchungu. Mtu analeta kitambaa chake cha sikukuu ya uhuru, moyo kunjufu, naye Hadidja anamwambia peupe: rangi hii itachuja, na kiuno hicho hakitaingia humu. Kusema uongo hakujua. Alijua kushona, na cherehani yake ndiyo iliyolisha nyumba kila mumewe Aruna alipokuwa safarini na lori.

Safari moja Aruna alimletea gamba la konokono kutoka Mombasa, lenye madoadoa ya kupendeza. Mvuvi aliyemuuzia alimwonya: konokono huyo akiwa hai ana mwiba kama sindano, akikuchoma unakufa, na tiba haijapatikana. Hadidja akaliweka juu ya cherehani, nalo likapata kazi yake pale.

Mwaka wa sitini na nne waasi waliingia mjini, chale kwenye paji la uso, wakiamini dawa ya mganga wao inageuza risasi kuwa maji. Watatu wakafika kwa Hadidja.

"Mama, tunabeba hii mashini," akasema mkubwa wao.

Bila cherehani, watoto wangekula nini? Yule mkubwa akanyoosha mkono aondoe gamba kwanza.

"Polepole, baba. Ile ni konokono ya mu bahari. Sindano yake inaua mutu, na dawa yake hapana."

Mkono ukabaki hewani. "Hata ya docteur?"

"Hata ya docteur."

"Hata... ya kwetu?"

"Ya kwenu mimi hapana jua. Mujaribu."

Wakatazamana. Dawa yao waliiamini sana, ila kuijaribu ovyo ni jambo jingine.

"Na sindano iko ndani?"

"Iko ndani, haki ya Mungu."

Ghafla mkubwa akakumbuka kazi muhimu barabarani. Wa mwisho alitoka kinyumenyume.

Aruna aliporudi na kusikia habari hiyo, alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe Mama Kweli naye anadanganya! Ile konokono ilikufa zamani!"

Hadidja akakasirika kwelikweli. "Mimi? Bale batu baliniuliza kama iko hai?" Akalichukua gamba, akaligonga kiganjani. Zikamwagika sindano zake zote za kushonea, alizozificha humo tangu zilipoadimika sokoni.

"Niliapa: sindano iko ndani. Haya, hesabu."