Ndege Aliyepotea

Mfupa ulitoka katika shimo la mkwe wangu, huko Salamabila, chini kwenye changarawe yenye dhahabu. Wachimbaji wakaweka machepeo chini. Ukiwa wa mtu, shimo linafungwa na matanga yanaanza. Mkwe wangu akanileta kwa pikipiki, kwa kuwa nilisoma biolojia sekondari.

Ulikuwa mzito kama jiwe. Mahali ulipokatika niliona uwazi ndani, na kuta nyembamba.

"Iko ya ndege," nikasema.

"Ndege ilianguka hapa lini, papa?" mmoja akauliza. "Mabati yake iko wapi?"

Walicheka sana.

"Ndege wa manyoya!"

"Ndege gani?"

Sikujua. Nikasema kanga. Wakashuka shimoni.

Jibu lile likanisumbua. Niliuchukua mfupa nyumbani, nikachemsha kanga, nikasafisha mifupa yake na kuipanga kando ya ule. Haikufanana. Nikajaribu bata, kisha hondohondo wa mwindaji mmoja wa kule Wamaza. Wote, kwenye mfupa wa mguu, kule chini vidole vinaposhikia, walikuwa na vinundu vitatu karibu sawa. Katika mfupa wangu kinundu cha kati kilitokeza kupita kiasi.

Niliupeleka Kasongo, kwa mama mgeni anayesomea mifupa ya kale. Aliupima, akaulinganisha na picha asubuhi nzima.

"Papa, mfupa huu umegeuka jiwe. Ni ndege, lakini si kanga. Kati ya walio hai simwoni wa kufanana naye. Nadhani ni aina iliyopotea."

Nilirudi na furaha, nikatangaza mdomoni mwa shimo: "Huyu ndege alipotea!"

Kicheko hakikuja. Kwetu, tangu vita, kupotea ni neno la watu waliochukuliwa porini wasirudi.

"Nani alipotea?"

"Ndege. Zamani sana. Si mmoja, jamaa yake nzima!"

Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuharibu. Wakapanda juu mmoja mmoja.

"Papa, juzi ilikuwa kanga," mkubwa wao akasema. "Leo ni jamaa nzima. Tukuamini siku gani?"

Wakahamia mashimo mengine. Mkwe wangu alifukia lake mwenyewe. Nilimwomba msamaha, ingawa sikujua naombea lipi: kutaja kanga bila hakika, au kumkana kanga baadaye. Aliegemea chepeo akanitazama.

"Papa, kanga alikuwa na ubaya gani?"