Jina Langu Kwenye Wimbo wa Chenge

Baba yangu Chenge aliimba habari za fahali wake mwenye pembe moja. Aliimba habari za jumbe aliyekimbizwa na nyuki, na za Mohanlal wa dukani aliyepanda paani kuziba tundu akashindwa kushuka. Hata jiko la mama lilipobomoka aliliimba. Mimi hakuniimba.

Wa leo watacheka. Lakini miaka ile, kabla ya vita ya pili, manju, mtunzi na mwimbishaji wa ngoma kama baba, akikutaja kwenye wimbo jina lako lilivuka ziwa kabla yako. Wachuma pamba waliliimba, wapiga kasia wa Kamanga waliliimba. Na watu walitembea kutoka Magu kuja kumsikia Chenge.

Mimi nilikuwa mwigizaji wake. Wachezaji wakishachoka, wakihema, niliingia uwanjani na nusu ya kibuyu kichwani kama kofia ya Mzungu, nikawa mke wa bwana shamba anayemwogopa ndama. Au nilikuwa mke mdogo anayesonga ugali huku akiwasema wenzake. Hakuna aliyenifundisha. Nilikaa barazani kwa Mohanlal nikimtazama mkewe, Pramila, akipima kitambaa kwa mkono huku akigombana na mnunuzi.

"Wewe Kabula, unanitazama nini kila siku?" aliniuliza.

Siku nilipomwigiza alikuwapo. Alicheka mpaka akajishikilia ukutani. Watu wote walicheka. Kisha wakarudi makwao wakisema, "Michezo ya Chenge haina mfano." Ya Chenge!

Nilimuuliza baba mara moja tu. "Mbona mimi hunitaji?"

"Nikutaje kwa lipi?" alisema. "Mkono wangu nao niutaje?"

Mama aliniambia hiyo ni sifa. Labda. Mimi nilitaka kutajwa.

Nikaolewa na Malimi, ng'ambo ya ziwa, huko Kamanga. Ng'ombe wa mahari yangu baba aliwaimba mmoja mmoja, kwa rangi zao. Nilisimama mlangoni nikisikiliza mpaka ndama wa mwisho, nikidhani zamu yangu inakuja.

Usukumani ngoma zilikuwa na pande mbili, Bagalu na Bagika, na hapakuwa na mapenzi kati yao. Baba alikuwa Mgalu. Kwa Malimi wote walikuwa Bagika, nami nikaigiza kwa watu wa mume wangu. Ndipo baada ya mavuno tukakutana na Chenge uwanja mmoja, upande wa Kirumba.

Mashindano yalikuwa hivi: ngoma mbili zinapigwa kwa pamoja, kila moja na duara lake, na mtazamaji huenda anakotaka. Jua likizama, duara lenye watu wengi limeshinda. Kila manju alikuwa na dawa yake ya kuvuta watu, na Chenge alijulikana kwa dawa kali.

Siku hiyo niliigiza mzee aliyejificha kihengeni, ndani ya ghala la nafaka, asilipe kodi, halafu vumbi la mtama likamfanya apige chafya, karani akiwa pale pale. Nilijipaka unga kidevuni ukawa ndevu. Watu wakaanza kuhama kwa baba. Kwanza vijana, kisha akina mama na watoto wao mgongoni. Upande wake wakabaki ndugu na vikongwe.

Hapo ndipo baba alipoanza wimbo mpya.

"Kabula, miguu ya korongo, umekwenda kwa walaji wa michembe! Kabula, rudi unywe maziwa!"

Yalikuwa matusi, najua. Manju humtukana mshindani wake kwa jina, naye hutakiwa kujibu papo hapo. Na michembe ni viazi vya kukausha, chakula cha asiye na ng'ombe. Vikongwe walipiga vigelegele.

"Mjibu!" Malimi alinipigia kelele. "Mjibu baba yako, unangoja nini?"

Nilitoka kihengeni na ndevu zangu za unga, nikaenda upande wa baba. Nilitaka kusikia vizuri, kwa sababu ngoma zetu zilikuwa zinamfunika. Nikasimama mbele ya baba, naye akaimba tena, na tena. Kabula. Kabula. Sijawahi kunywa kitu kitamu kama kile.

Watazamaji walidhani ni sehemu ya mchezo. Wakanifuata wote, na jua likazama wakiwa kwa Chenge.

Baba aliinua usinga wake juu. "Mmeiona dawa yangu? Imemvuta mke kutoka kwa mumewe!" aliwaambia watu. Mimi hakunitazama.

"Umetuuza," Malimi alisema. Dada yake, wifi yangu Tereza, alikuwa ameshika kibuyu changu, akakitupa miguuni pangu. "Mtumbwi wetu haubebi korongo. Baki na babako."

Malimi alidai ng'ombe wake, wakarudishwa. Bagika waliniita msaliti. Bagalu nao walisema mtu aliyekwisha kuvutwa na dawa hafai kuwekwa uwanjani. Hakuna aliyewaza kwamba nilikwenda kwa miguu yangu. Tangu hapo naanika dagaa Kirumba, na wimbo wenyewe uliimbwa misimu miwili, kisha zikaja nyimbo nyingine.

Mwaka vita ilipokwisha nilikwenda kumwona baba. Alikuwa amezeeka, amekaa uani kwenye ngozi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeniletea dagaa?"

Nilimpa. Kisha nikamwomba aniimbie wimbo ule.

"Upi?"

"Wa korongo."

Alifikiri. "Nimetunga nyingi, mwanangu. Anza, nitakumbuka."

Nikaanza. Jina langu kinywani mwangu mwenyewe lilikuwa jepesi, kama la mtu mwingine. Baba alipiga vidole gotini, akasikiliza.

"Hapo umekimbia," alisema. "Punguza mwendo. Rudia."

Nikarudia polepole, nikimwachia nafasi mahali ambapo manju huingia.