Soli za Mguu Wangu

Leo nimekwenda kwa fundi kuchukua soli mpya za kuweka ndani ya viatu. Harufu ya gundi ilinirudisha kwetu Cibitoke, utotoni.

Siku moja fundi wa huko alinipaka plasta baridi nyayoni, akachukua umbo la mguu, akanichongea soli za kwanza. Maumivu ya magoti yakaisha. "Hizi ni za muguu yako tu," aliniambia. "Usimupe mutu." Mama alikuwa nje, hakusikia.

Mguu wangu ulipozizidi, Mama alizifanya kama sweta zangu zote: akampa mdogo wangu wa kike, ambaye naye alikuwa na nyayo bapa.

"Mama, zinaniuma."

"Vumilia, mutoto wangu. Kaka yako zilimusaidia."

Mdogo wangu akanitazama. Sikumwambia Mama onyo la fundi. Nilijua nikisema, zitachongwa za mguu wake kwanza, na mimi ningoje zangu mpya.

Leo nimepitia kwa mdogo wangu na soli zangu mpya. Nilibisha hodi, nikamsikia akija kunifungulia, mguu mmoja ukikanyaga, mwingine ukiburuzwa sakafuni.

"Karibu, kaka," akasema, akitazama miguu yangu. "Unatembea vizuri siku hizi."