Kitabu Kilichonenepeshwa

Kwa miaka mingi nimekana kwamba kuna kitabu kilichowahi kuniliza. Wenzangu walionikuta chooni na macho mekundu niliwaambia ni vumbi la kadi za kompyuta. Mume wangu nilimwambia hivyo hivyo, na baadaye binti yangu, alipofika umri wa kuuliza maswali kuhusu ujana wa mama yake. Halikuwa vumbi. Kilikuwa kitabu kinene chenye jalada la buluu, kimeandikwa juu kwamba ni cha wanaoanza, na sura yake ya kwanza ilianza kwa maneno "Kama unavyojua tayari."

Sikujua. Nilikuwa na shahada ya fasihi. Ningeweza kukueleza kwa kurasa kumi kwa nini mshairi fulani anauchukia mwezi, lakini serikali haikuwa na shida hiyo. Ilinipeleka ofisi ya kompyuta kwa sababu moja tu, kwamba nilipiga taipu bila kutazama vidole.

Kompyuta yenyewe ilikuwa na chumba chake na kipoza hewa chake, wakati sisi tulijipepea kwa mafaili. Uliongea nayo kwa taipu. Unaandika amri kwenye mstari mmoja, unabonyeza, halafu ile taipu inaanza kucheza peke yake bila mkono wa mtu na kukuchapia jibu. Ukikosea herufi moja, jibu linakuja kwa namba, na maana ya namba unaitafuta kitabuni. Kazi kubwa ya mashine hii ilikuwa kuchapa karatasi za mishahara ya askari, wa Makindye, wa Mbuya na wa kambi nyingine zote.

Aliyejua kuongea nayo alikuwa mmoja, fundi wa kutoka Nairobi, mtu mpole aliyekula machungwa kutwa nzima. Mkataba wake ulikuwa unaisha na hakutaka mwingine. Hakuna aliyemuuliza sababu. Akishaondoka, amri za kompyuta zingekuwa mikononi mwangu mimi na mwenzangu mmoja, mke wa sajini wa polisi, mwanamke wa kucheka sana aliyekulia kambini kama nilivyokulia mimi. Mshahara wa askari usipotoka, wa kuulizwa tungekuwa sisi. Miaka ile ya utawala wa kijeshi, watu walioitwa kuulizwa hawakurudi wote. Mkuu wetu wa kwanza, raia, alitoka kwenda kula chakula cha mchana, na koti lake lilikaa kwenye kiti mpaka wakaja kulichukua.

Fundi alituwekea vitabu viwili mezani. "Benki itatoa pesa za kigeni mara moja tu," alisema. "Chagueni kimoja, kiagizwe nakala za kuwatosha ninyi na watakaowafuata. Mimi nakwenda na vyangu."

Kile cha buluu nimeshakitaja. Nilikaa nacho mbele ya mashine asubuhi moja nikaandika amri kama kilivyoagiza. Taipu ikanijibu kwa namba. Nikaitafuta namba. Kitabu kikasema maelezo yapo katika juzuu la pili. Juzuu la pili hatukuwa nalo. Nikajaribu amri nyingine, nikapewa namba nyingine, nayo ikanirudisha kwenye ukurasa ulionipeleka kwenye ile ya kwanza. Nilizunguka hivyo kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi mpaka nikaenda chooni kutafuta vumbi.

Cha pili kilikuwa chembamba kama kitabu cha nyimbo cha Jumapili, kina michoro ya bwana mwenye tai anayezungumza na mashine. Kilianza na namna ya kuiwasha. Kikasema: andika hivi, itakujibu hivi. Niliandika hivi, ikanijibu hivi. Mwenzangu alipiga kigelegele mpaka walinzi wakachungulia.

"Mama Digrii! Kumbe inasikia!"

Basi uchaguzi ulikuwa umekwisha, kwa mtu yeyote mwenye akili timamu. Ulibaki mkono wa Meja.

Meja ndiye aliyechukua kile kiti chenye koti. Hakuwa mtu mbaya kwa kipimo cha siku zile, yaani alisalimia. Alikipima kitabu cha buluu kwenye kiganja cha kulia na chembamba kwenye cha kushoto, kama mtu anayechagua muhogo sokoni.

"Hii," akasema, akiinua cha buluu. "Kitabu ya serikali lazima iwe na uzito."

"Afande, hicho ni cha waliokwisha kujua."

"Wewe hujui?"

Hapo ndipo nilipokwama, na nilikwama vizuri. Nikisema najua, tunaletewa kitabu cha buluu. Nikisema sijui, nimekiri mbele ya mwanajeshi kwamba mishahara ya jeshi iko mikononi mwa mjinga. Miaka yangu yote ya chuo kikuu haikunipa sentensi ya kupita katikati.

"Nafahamu kidogo, afande. Lakini kuna wenzangu."

"Wewe uko na digrii. Unataka kitabu ya picha? Ya watoto?" Akakitupa chembamba mezani. "Kwanza hii wameiba. Karatasi iko kidogo sana. Watu ya nje wanatuibia."

Nilimwomba anipe siku chache nivisome tena vyote viwili. Akakubali, akaongeza kwamba nisichelewe kama watu wa chuo.

Kwenye ngazi nilimtukana mwandishi wa kitabu chembamba. Angekosa nini angeongeza maneno? Watu wote wa fasihi niliowasoma walijua kujaza kurasa. Huyu mmoja, aliyekuwa na jambo la maana la kusema, ndiye aliyeamua kulisema kwa ufupi.

"Tukilishe kitabu," mwenzangu alisema kwa mzaha. "Kinone."

Alikuwa anacheka. Mimi sikucheka, na mchana huo nilikipeleka kwenye maduka ya Nakivubo.

Nyuma ya maduka palikuwa na Mkongo, mkimbizi wa upande wa Bukavu, aliyejalidi Biblia zilizochakaa kwa gundi aliyoipika mwenyewe. Nilimwomba akifumue kitabu, aweke karatasi nyeupe mbili kila baada ya ukurasa, kisha akifunge kwa jalada gumu. Fundi alikuwa amebadili nia akakitoa kwa moyo mmoja, akisema bora kifumuliwe kuliko kiagizwe cha buluu.

Yule Mkongo alikipindua, akapuliza kurasa. "Mama, hii ni mifupa tupu. Karatasi nyeupe ni ya nini?"

"Ya kuandikia."

"Kuandika nini?"

"Baba, wewe jalidi tu."

"Bon, sawa. Nitaiweka nyama. Lakini nyama yenyewe haina chumvi, mama, usiseme ni mimi nilipika."

Kilirudi kikiwa kinene kuliko cha buluu, jalada jeusi, mgongo wenye vifundo kama Biblia ya askofu. Meja alikipokea kwa mikono miwili. Hakukifungua. Alikipima, akatabasamu, akasema atakwenda nacho Mbuya, kwenye makao makuu, akakitazame kwa nafasi kabla ya kusaini. Hilo sikulitarajia. Katika hesabu zangu zote, sikuwa nimemhesabu Meja kama msomaji.

Siku zilizofuata sikula vizuri. Mwenzangu alikuwa ameacha kucheka. Katika mji ule, ukurasa mtupu haukuwa ukurasa mtupu. Mtu angeuliza nani amefuta, na alifuta nini. Fundi alikuja kuaga akanipa machungwa yaliyobaki, akapanda basi la Nairobi akituachia kitabu kimoja tu, kile cha buluu, ambacho mwishowe alikiona kizito kubeba.

Simu ililia asubuhi, wasichana waliotoboa kadi za kulishia kompyuta wakiwa kazini. Mmoja aliipokea, akasimama wima ghafla, nikajua ni nani. Mashine zote za kadi zikanyamaza.

"Hii kitabu," Meja alisema. "Mbona kuna karatasi haina kitu?"

"Ni za mwanafunzi, afande. Tumeziweka ili akijifunza amri, aandike alichoelewa."

"Kila mtu anaandika yake?"

"Ndiyo, afande."

Nilisikia karatasi zikifunuliwa upande wa pili, polepole, moja baada ya nyingine.

"Hiyo ni mzuri," akasema hatimaye. "Nimesaini. Wataleta hii, siyo ile ya buluu. Na zote utaziweka karatasi nyeupe kama hii."

"Asante sana, afande."

"Halafu kila Ijumaa unakusanya, unaniletea. Mimi nataka kusoma hawa watu wako wameelewa nini."

"Ndiyo, afande."

"Na ya kwako pia," akasema, na simu ikakatika.